Mtoto ameniuliza sisi wa Umoja tunaharibu matumbawe aje, nisaidieni kumjibu

MamaZawadi_Umoja

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada juu hii kitu imenikalia rohoni wiki nzima. Mtoto wangu wa kwanza ako gredi ya 6, walipewa kazi ya kufanyia nyumbani kuhusu miamba ya matumbawe ya pwani yetu na vile watu wanaiharibu, halafu swali la mwisho likawa "familia yako inahusika vipi?" Mimi nikamwambia andika haihusiki, sisi tunaishi Umoja hapa Nairobi, bahari iko karibu kilomita 480 kutoka hapa na mara ya mwisho tumeikanyaga ni 2018 tulipoenda na treni. Akaniangalia tu. Akainuka akaenda kwa kabati ya tivii akachukua kile kipande cheupe chenye matawi tulichonunua bichi safari hio, shilingi mia mbili, akakiweka juu ya daftari yake akaniuliza, mama hiki si ndio matumbawe?

Nilikosa la kusema. Miaka yote nimekuwa nikikipangusa vumbi nikijua ni jiwe tu, jiwe zuri la baharini.

Sasa nauliza kwa wale wanajua, haya matumbawe ni mawe ama ni kitu hai, na ni nini hasa inayaua, na mtu kama mimi niko huku Nairobi nikiuza nguo naeza kufanya nini cha maana, na tafadhali msiniambie tu "tutunze mazingira" juu hiyo niliisoma shule na haikunifunza chochote. Desemba tunapanga kurudi pwani na watoto watatu na ningependa tusiende kuharibu. Asanteni.

---

MwanaGazi

Mama Zawadi, pole na hongera kwa huyo binti, ana macho huyo. Mie ni mzaliwa wa Gazi kule Kwale, saa hizi naishi South B kwa ajili ya kazi, babangu alikuwa mvuvi wa malema, ile mitego ya kusuka, maisha yake yote kwa hiyo hili nalijua kwa kuliona.

Matumbawe si mawe. Ni wanyama. Wadogo wadogo kabisa, kila mmoja ni kama kijifuko chenye mdomo na vinyuzi pembeni vya kukamatia chakula, wanaishi maelfu kwa maelfu wameshikana, na chini yao wanajijengea chokaa. Hiyo chokaa ndiyo unayoiona kama jiwe. Ndani ya ngozi yao kunaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ile mimea inapika chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mnyama, yeye anaipa nyumba. Ile rangi ya kahawia na kijani unayoiona ukichungulia ndani ya maji inatoka kwa hiyo mimea. Sasa maji yakipata joto kuzidi kawaida yake, hata nyuzi moja tu juu ya kile kiwango cha miezi ya joto, na ikakaa hivyo wiki kadhaa, mnyama anaifukuza ile mimea, anabaki mweupe. Hajafa hapo hapo lakini ana njaa. Joto likiondoka mapema anaweza kuipata tena akapona, likikawia anakufa.

Mwaka 1998 nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Ilikuwa mwaka wa El Niño. Babangu alirudi na ngalawa siku hiyo akakaa barazani bila kuvua hata kofia, mamangu akamuuliza kwani hukupata kitu, akasema nimepata, lakini huko chini kote kumekuwa cheupe kama kumepakwa chokaa. Wazee walidhani kuna mtu kamwaga dawa. Baadaye ndipo tukaja kujua ilikuwa hivyo bahari nzima ya huku kwetu, na sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake mwaka huo mmoja. Yale yenye matawi hukua upesi, sentimita kadhaa kwa mwaka, lakini yale ya mviringo makubwa kama mawe ya kusagia hukua chini ya kidole kimoja kwa mwaka, kwa hiyo ukiona moja la ukubwa wa meza ujue lilikuwepo kabla ya babu yako.

Hicho kipande chako mara nyingi kinavunjwa kikiwa hai, kinaanikwa juani mpaka wale wanyama waoze na harufu iishe, ndipo kinakuwa cheupe kizuri cha kuuzwa. Sisemi hivi kukulaumu mama, hata sisi tuliozaliwa pale tulikuwa tunavunja tukiwauzia wageni tukanunua daftari za shule.

Na uvuvi pia. Kuna juya, ule wavu wa kukokota wanaovuta watu wengi mpaka ufukweni, umepigwa marufuku lakini upo. Chini yake una mizigo, unapita unakwangua kila kitu, nyasi za bahari, matumbawe, vitoto vya samaki. Na samaki wakivuliwa wote kuna madhara mengine ambayo mtu wa bara hawezi kuyafikiria. Kuna samaki tunamwita kikande, ana meno ya nguvu, chakula chake ni wale viumbe weusi wa miba mirefu ambao ukiwakanyaga unachechemea wiki. Kikande akiisha wale weusi wanazaana mpaka hakuna pa kuweka mguu, na wao wanatafuna mwamba wenyewe usiku na mchana. Kwa hiyo mtu anavua samaki wake wa kuuza hapa, mwamba unaliwa pale, na yeye hajaugusa kabisa. Babangu alikuwa akikuta kikande kwenye malema anamrudisha majini, watu wakamwona ana wazimu.

---

Otis_wa_Dandora

Mimi sijui mambo ya chini ya bahari kama huyo kaka hapo juu lakini swali la "familia yako inahusika vipi" nalijua vizuri sana, juu mimi na vijana wenzangu tunasafisha mto huku Dandora kila Jumamosi, mwaka wa nne sasa.

Mamaa hebu chukua ramani na huyo mtoto mfuate mto. Mto Nairobi unaanzia kule Kikuyu kwa bwawa la Ondiri, maji masafi kabisa, unaingia mjini, unapita Gikomba, unapita Korogocho, unapita hapa kwetu kando ya jaa, unaenda Njiru, unaenda Ruai, mbele huko unaingia mto Athi. Athi unapita Fourteen Falls, unashuka Ukambani kati ya Machakos na Kitui na Makueni, unaingia Tsavo unabadilisha jina unaitwa Galana, ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, na unamwaga baharini kaskazini kidogo ya Malindi karibu na Mambrui. Na hapo Malindi na Watamu ndio kuna zile hifadhi za baharini zilitengwa 1968, kati ya za kwanza kabisa Afrika, na zilitengwa kwa sababu ya matumbawe. Kwa hiyo mto unaopita nyuma ya estate zetu na matumbawe ya Malindi ni maji mamoja. Mimi nilipojua hii nilikuwa na miaka 24 na nimezaliwa hapa hapa mita mia mbili kutoka kwa huo mto, hakuna mtu alikuwa ameniambia.

Basi familia inahusika hivi. Kila mvua kubwa ikinyesha, chupa na malapa na nepi na mifuko ya plastiki iliyotupwa kwa mtaro pale Umoja ama Kayole inabebwa. Mingine inanasa njiani, mingine inafika. Lakini nataka nikwambie kitu watu wengi hawasemi, plastiki ndio tunaona lakini udongo unaua zaidi. Mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni mwa mto, milima iliyokatwa miti, watu wanaochota mchanga Machakos na Makueni wa kujengea hizi gorofa zetu za Nairobi, yote hiyo inafanya mto ushuke na tope. Nilienda Malindi mara moja na kikundi chetu mwezi wa kwanza na maji ya bichi yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mzee mmoja wa pale akatueleza, upepo wa kusi ukivuma tope linasukumwa juu kaskazini, kaskazi ikivuma linashuka kusini mpaka kwa hifadhi. Sasa ukiunganisha na vile MwanaGazi amesema, ile mimea ndani ya matumbawe inataka jua, na tope linafunika jua, halafu linawakalia wale wanyama wenyewe wanabaki kutoa ute kujisafisha siku nzima badala ya kukua.

Nilisimama pale nikafikiria haya ni maji yangu. Sijawahi kuisahau hiyo siku.

Kwa hivyo cha kufanya ukiwa Umoja. Anzia kwa mtaro wa ploti yenu. Ongea na keateka na majirani takataka ziende kwa gari ya taka, na ujue hiyo gari inazipeleka wapi, juu wengine wanachukua pesa yenu halafu wanamwaga mtoni usiku. Mafuta ya kupikia yaliyotumika usimwage kwa sinki. Kama kuna choo kimeelekezwa mtoni piga kelele kwa chifu na kaunti mpaka wakuchoke. Na kama una shamba ushago, hasa upande wa Ukambani, panda nyasi na miti ukingoni na utengeneze matuta. Hiyo matuta inasaidia bahari kuliko unavyodhani.

---

Omosh_Rongai

Naheshimu sana yale mmeandika lakini naona tunambebesha mama wa watu mzigo usio wake. Kenya nzima moshi wetu haufiki hata asilimia 0.1 ya moshi wa dunia, na umeme wetu mwingi unatoka kwa mvuke wa Olkaria na mabwawa na upepo. Kitu kinaua matumbawe ni joto, na joto limeletwa na nchi zilizochoma makaa na mafuta miaka 150. Wanasayansi wa IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, walisema 2018 dunia ikifika nyuzi 1.5 za ongezeko matumbawe asilimia 70 mpaka 90 yataisha, ikifika 2 yataisha karibu yote. Sasa huyo mama afagie mtaro, halafu? Mwambieni mtoto ukweli, wenye makosa wanajulikana.

---

Njeri_Viumbe

Omosh uko sawa kwa hesabu na sitaki mtu akupinge hapo. Mimi nasomea viumbe vya majini, niko mwaka wa mwisho. Joto ndilo tishio kubwa kuliko yote, na zaidi ya joto ni kwamba bahari inafyonza kama robo ya hewa chafu tunayotoa na inazidi kuwa na asidi, na kwenye maji hayo mnyama anapata shida kujenga chokaa yake. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia iko kwa mpauko mkubwa wa nne, yaani matumbawe kugeuka meupe kwa joto kila mahali, baada ya ule wa 1998 na 2010 na ule mrefu wa 2014 mpaka 2017. Unaona vile zinakaribiana. Mwamba unataka miaka kumi na zaidi ya kupona na haupewi tena.

Lakini ndio maana mtaro ni wa maana Omosh. Fikiria mgonjwa wa malaria, yule amekula vizuri na anapata maji safi na yule ana njaa na anakunywa maji ya mto, homa ni moja lakini hawapigani nayo sawa. Baada ya matumbawe kufa kwa joto, kwanza mwani unamea juu ya yale mifupa kama kapeti. Watoto wa matumbawe wanaelea majini wakitafuta mahali pasafi pa kushika, wakikuta mwani hawashiki. Nani anakula ule mwani? Pono na tafi na jamaa zao. Ukiwavua wote, ama ukiongeza maji ya choo na mbolea ambazo zinaulisha mwani, umefunga mlango wa kupona. Joto siwezi kulizima nikiwa hapa Nairobi. Huo mlango naeza kuuacha wazi.

Na kuna watu wamefanya hivyo hapa kwetu. Kuruwitu kule Kilifi, karibu na Vipingo, wazee wavuvi waliona samaki wanaisha, 2003 wakaanza kukaa vikao, 2005 wakafunga kipande chao cha bahari kama hekta 30, hakuna kuvua kabisa ndani. Wavuvi! Watu ambao chakula cha jioni kinatoka hapo hapo. Samaki wakarudi, na 2017 wakapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Nilienda na darasa letu nikaingia majini pale, nilitoka nikilia ndani ya miwani na sioni aibu kusema.

---

MwanaGazi

Njeri umesema kweli tupu. Niongeze la kwetu kidogo. Gazi tuna mikoko, na tangu 2013 kijiji kinatunza hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, kinauza hesabu ya kaboni ile miti inayofyonza, pesa inaingia kwa maji ya bomba na shule. Watu huona mikoko ni mambo ya kaboni peke yake, kumbe ile mizizi inashika tope lisifike kwenye mwamba, na vitoto vya samaki wengi wa mwambani wanalelewa mle kwenye mizizi. Ukikata mkoko umeharibu mwamba ulio mbali na pale.

Omosh ndugu yangu, wenye makosa wanajulikana, ni kweli. Lakini bahari ni ya kwetu.

---

ChefuHalima

Salaam wote. Mimi napika, niko na hoteli ndogo Eastleigh na samaki wa pwani nanunua kila wiki kwa hiyo nitasema ya sahani. Watu wa Nairobi sasa wanapenda sana samaki wa bahari na tunaagiza bila kujua. Zamani nilikuwa naletewa pono wadogo, vidogo vya kukaa kwa kiganja, nikawa nafurahi bei ni rahisi. Mletaji wangu mwingine mzee wa Shimoni ndiye alinikataza, akaniambia mwanangu hao ndio wanasafisha mwamba na hawa ni watoto, hawajazaa hata mara moja. Tangu hapo nachukua zaidi jodari na nguru, samaki wa maji makubwa, wanashikwa mbali na mwamba. Changu nachukua akiwa mkubwa. Kamba koche mwenye mayai chini ya tumbo namrudisha na namwambia mletaji simlipi. Akilalamika nanunua kwa mwingine. Nikianza kukataa mimi na jirani akikataa, huko chini bei ya kitoto cha samaki inakufa yenyewe.

Mama Zawadi ukienda kununua uliza tu, huyu ameshikwa na nini? Mshipi, malema ama wavu? Wengi hawatajua kukujibu lakini ukiuliza mara tatu mara nne wataanza kutafuta jibu.

---

Nahodha_Mstaafu

Kwa safari ya Desemba ndio naingilia hapa, nimepeleka wageni mwambani miaka mingi kabla ya kuhamia kwa mwanangu huku Kasarani.

Desemba mpaka Machi ni kaskazi, bahari shwari na maji maangavu, watoto watafurahi. Nenda kwa hifadhi, Mombasa, Watamu, ama Kisite kule Shimoni, lipa kiingilio, pesa hiyo inalipa askari wa kulinda. Kabla hamjapanda boti muulize nahodha atafunga wapi. Kama kuna boya afunge kwa boya, kama anatupa nanga juu ya mwamba mwambie hapana na ukatafute mwingine, nanga moja inavunja kwa dakika kitu cha miaka hamsini. Mkiwa majini watoto wasisimame juu ya mwamba hata wakichoka, wavae maboya ya kuelea washike boti. Na msitembee juu ya mwamba maji yakitoka, najua vijana wa bichi watawashawishi, watawaonyesha kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, na kuwawekea mkononi mpige picha. Kataeni kwa adabu.

Mkate. Tafadhali mkate. Kila boti ya kioo inabeba mkate wa kuwaita samaki na watoto wanashangilia, lakini samaki anayepaswa kukwangua mwani siku nzima anajaa unga anabaki akizunguka boti. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe miaka kumi na mbili na ninajuta.

Mafuta ya kujikinga na jua, soma nyuma ya chupa, ukiona oksibenzoni ama oktinoksati iache dukani. Hawaii wamepiga marufuku kuuza yenye hizo tangu 2021. Na kwa kweli kwa watoto fulana ya mikono mirefu inatosha, haiyeyuki majini. Makombe msinunue, hasa yale makubwa ya kupulizwa kama baragumu, yule konokono wake akiwa hai ndiye anayekula kiti cha pweza wa miiba anayemaliza matumbawe. Hicho kipande mlicho nacho nyumbani msikiuze wala kumpa mtu zawadi, waulizeni KWS, wale wa shirika la wanyamapori, cha kufanya nacho, ofisi zao ziko hapo njia ya Lang'ata.

---

MamaZawadi_Umoja

Nimesoma zote mara mbili, na mara ya pili nilimsomea Zawadi kwa sauti. Mzee Nahodha asante, ya mkate tulifanya 2018, tulinunua mikate miwili mizima, na nilikuwa napanga kununua tena. Halima dada nitakutafuta huko Eastleigh.

Tulichukua ramani kama Otis alisema. Zawadi aliufuata mto na kidole kutoka Kikuyu mpaka Mambrui, akasimama Tsavo akauliza kwani ndovu wanakunywa maji yetu pia. Nikamwambia ndio. Akafuta lile jibu langu la "haihusiki" na raba mpaka karatasi ikatoboka, akageuza ukurasa akaandika mwenyewe, sikumsaidia. Ameandika mambo ya mtaro wa ploti yetu na mchanga wa gorofa wanayojenga hapo mbele yetu, na ya kile kipande cha kabati. KWS nitaenda Alhamisi na yeye shule ikifungwa saa sita.

Otis, Jumamosi mnaanza saa ngapi na mtoto wa miaka 11 anaruhusiwa?

---

Otis_wa_Dandora

Saa mbili asubuhi, hapo kwa daraja. Anaruhusiwa ukiwa naye, asishuke majini, atakaa juu na wengine wanaopanga chupa. Mnunulie gambuti na glavu nzito, za huku zetu ni kubwa zitamtoka.